Zamu ya Saa Nane

Sista Mkunde haamshi mtu kwa jina.
Anagusa bega: "Baba Njiti, zamu."
Naamka kama nilivyoamka utotoni, kule Uru,
zamu ya mfongo ilipotuangukia saa nane za usiku
na asiyekuwapo mtaroni, maji yalimpita.

Nanawa mpaka kiwiko. Narudia. Narudia tena.
Kucha nimezikata kwa wembe wa kuazima,
lakini bado nanuka kahawa, ile inayokaa ngozini
mwa mtu anayeshinda na mizani ya chama cha msingi.
Mimi hupima magunia. Wewe
una gramu elfu moja mia moja na arobaini.
Jana ulikuwa na kumi zaidi.
Nimezitafuta kumi hizo usiku kucha.

Hili jina, njiti, silipendi.
Njiti huwashwa mara moja tu.

Mama yako yuko juu na mshono wake.
Alikamua nusu saa, akafunika kikombe kwa kiganja
kama mtu aliyeomba moto kwa jirani na upepo unavuma.
Mililita nane, manjano kama kiini cha yai la kienyeji.
Vizibo viwili vya soda havijai.

Nafungua shati. Sista anakulaza kifuani.
Kofia aliyoifuma shangazi Ndeshi kwa kukisia
inakumeza hadi mabegani.
Mpira umeingia puani, umebanwa shavuni kwa plasta.
Anavuta kwanza, atazame kilichobaki tumboni.
Anatoa kisukumio, anabaki na bomba tupu, analinyanyua.
"Hatusukumi," ananiambia. "Yatashuka yenyewe."

Sista, hilo nalijua.
Maji ya mlimani hayasukumwi.
Unatoa tope, unatoa jani la mgomba lililoziba,
unasimama pembeni na jembe lako.
Ukifungua kwa pupa yanabomoa kingo
na viazi vya watu vinaelea.

Unakunja uso. Mguu unapiga teke lisilo na nguvu.
"Mpe kidole cha mwisho anyonye," anasema,
"ili tumbo likishiba, ulimi udhani ni kazi yake."
Nakupa. Ulimi wako haufiki ukubwa wa punje ya buni,
lakini unakamata.
Kiganja cha pili nakizungushia nyayo zako
upate ukuta wa kukanyaga, kama kule ulikotoka mapema.

Nyimbo za kubembeleza sizijui.
Najua mpangilio wa maji tu, basi nakunong'oneza:
kwa Materu, kisha kwa Uiso,
kwa mjane wa Makundi ambaye haibiwi zamu,
kwa Msele mbishi, kwa Kiwelu penye daraja la gogo

na hapo ukasahau kupumua.
Mashine ikalia. Maziwa yakasimama njiani;
Sista alikwisha kushusha bomba. Hakupaza sauti.
Akakusugua unyayo kwa kidole gumba, mara mbili,
kama anayefuta vumbi kwenye herufi.
Nami nikakwama kwa Kiwelu,
sikuthubutu kuvuka daraja.

Ukavuta hewa. Ukarudi kwenye kidole changu
ukakinyonya kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeondoka.

Bomba likapanda tena, shubiri moja tu.
Dirishani mvua ya Aprili na taa ya mlinzi. Kibo haionekani,
ila yanayotoka huko hayangoji kuonekana ndipo yashuke.
Kwa Kiwelu. Kwa Tillya. Kwa bibi yako, ngazi tatu za mawe.
Tone la mwisho linasita shingoni mwa bomba,
linaingia.

Yamefika kwetu.

Usilale kwanza. Au lala, sijui sheria.
Sista anaandika: nane, hakutapika.
Anafunga mpira kwa kifuniko chake kidogo.
Zamu ijayo ni saa kumi na moja.
Shati sivai.